Karafuu za kuletewa nyumbani: nilivyozikagua

Viungo vyangu huwa nanunua soko la Kisutu, Dar es Salaam, kwa mama mmoja anayekuachia uchote kiganjani unuse kwanza. Safari hii niliagiza robo kilo ya karafuu kwa muuzaji wa mtandaoni, bodaboda akaniletea mpaka Tabata. Wenye mpango wa kuagiza wasome hapa, maana picha hainukii.

Mfuko umefungwa vizuri, umeandikwa "Pemba, daraja la kwanza". Tarehe ya kufungashwa hakuna. Hapo nilishamkata alama.

Nilipofungua harufu ilinijaa puani, lakini harufu ya mfuko mimi siiamini. Hata karafuu chovu ukiifungia hunukia kwa muda. Nikazimwaga kwenye sinia. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua, kwa hiyo cha kutazama kwanza ni kichwa, kile kiduara kinachokaa juu kati ya vijino vinne. Zangu nyingi zilikuwa na vichwa vyake, shina kahawia yenye wekundu, kichwa kimepauka kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiona zina weupe weupe na makunyanzi, ujue zilivunda kabla hazijakauka: zililundikwa mbichi, au mvua ilizikuta jamvini.

Nikaminya moja kwa ukucha. Mafuta yakachuruzika, nikalamba, ncha ya ulimi ikafa ganzi. Karafuu nzuri ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli, ileile inayonukia kwa daktari wa meno. Bila hayo umenunua vijiti.

Halafu maji. Nilitia kiasi kwenye glasi, nyingi zikazama au zikasimama wima kichwa juu. Zinazolala ubavu juu ya maji ni zile zilizokwisha kukamuliwa mafuta, au zimekaa ghalani mpaka zikaishiwa. Za kulala zilikuwemo, chache. Nahisi kachanganya na mzigo wa zamani.

Kilichoniudhi hasa ni makonyo, vile vijiti vinavyoshika matumba. Nayo yana harufu, na huko Pemba hukamuliwa mafuta, ila hayauzwi bei ya karafuu. Nilichambua, yakajaa kikombe cha kahawa. Nikamtumia picha WhatsApp, akajibu, "Dada yangu, mzigo wowote lazima yawemo." Mawili matatu sawa. Kikombe kizima, kwa bei iliyozidi ya Kisutu, na nauli ya bodaboda juu yangu?

Kwenye pilau lakini hazikuniangusha. Nilitia pungufu ya kawaida yangu na bado mume wangu alisema zimekolea.

Nitaagiza tena akikubali kuchambua makonyo na kuandika tarehe. Za unga anazozitangaza sitazigusa. Karafuu ikishasagwa huna kichwa cha kutazama wala pa kuminya, na makonyo yanaweza kusagwa humohumo usijue.