Vita vya Ras Lanuf katika banda la video la Kirumba

Banda hili, lililo jirani na soko la samaki la Mwaloni jijini Mwanza, hutenga jioni moja kwa picha za vita halisi, na safari hii lilionyesha picha za habari kuhusu Ras Lanuf, bandari ya mafuta ya Libya. Mtafsiri anastahili sifa. Alisimamisha picha, akaifuata kwa fimbo barabara ya pwani kutoka Ajdabiya hadi Brega na Ras Lanuf, kisha akaeleza jinsi waasi walivyouteka mji huo mwanzoni mwa Machi 2011, wakafukuzwa na majeshi ya Gaddafi, mtawala wa Libya wakati huo, wakaurudia tarehe 27 baada ya ndege za nchi za Magharibi kushambulia, na kuupoteza tena siku chache baadaye, kwa kuwa jangwa lile tambarare halina pa kujificha na bunduki iliyofungwa juu ya pikapu haishindani na maroketi. Ajabu ni kwamba hakukigusia kiwanda cha kusafisha mafuta, chenye uwezo wa mapipa 220,000 kwa siku, ambacho ndicho kiini cha ugomvi wenyewe. Spika zinakoroma, na mabenchi hayana egemeo. Kiingilio, hata hivyo, ni cha haki.