Shibe kwa kalori chache: vya kununua Dar, nimevipanga kuanzia bora mpaka vya kupita

Nashinda dukani Kariakoo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi, nyumbani ni Tabata, na njaa yangu ina ratiba kabisa, saa nne asubuhi inagonga, saa kumi jioni inagonga tena, na hizo gonga mbili ndo zinazoharibu hesabu ya kalori ya siku nzima, maana mchana na usiku mtu unajipangia lakini saa kumi unanunua kilichopita mbele yako.

Nilinunua mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri, nikaanza kupima kila ninachokula, nimefanya hivyo karibu mwaka mzima sasa. Nilichokiona ni kwamba wanga unasingiziwa sana kwamba ndo unaonenepesha. Watu wanaacha ugali, wanaacha wali, wanajisifu wiki nzima, halafu jioni wanashushia vitumbua vinne na soda. Hesabu yenyewe ni rahisi, gramu moja ya wanga ina kalori 4, protini 4, mafuta 9, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120 na tumbo halikioni kabisa. Kwahiyo hapa chini nimepanga kwa kuangalia kitu kimoja tu, kinanishibisha muda gani kwa kalori ninazolipa, halafu bei na upatikanaji vinafuata.

Namba moja ni viazi mviringo vya kuchemsha, na sibishani na mtu kwenye hili. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha ni kama kalori 87, kwahiyo bakuli la gramu 300, ambalo ni bakuli limejaa kweli, halifiki kalori 270. Viazi hivyo hivyo vikitumbukizwa kwenye karai vinakuwa chipsi, na gramu 100 za chipsi zinapita kalori 300. Ni kiazi kile kile kimepoteza maji na kunywa mafuta. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney kule Australia, akiwemo Susanna Holt, walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawa wanawauliza shibe yao kila baada ya dakika 15 kwa masaa mawili. Mkate mweupe wakaupa alama 100 uwe wa kulinganishia. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza vyote. Chipsi 116. Mwisho kabisa krosanti, ule mkate laini wa Kifaransa wenye siagi nyingi, 47. Watu waliojaribiwa kwa kila chakula walikuwa kumi na kitu tu, ni wachache, lakini tumbo langu limekuja na jibu lile lile, nikila viazi saa nne sikumbuki kula mpaka saa nane.

Ukienda kununua, Buguruni au Ilala au kwa mama wa genge mtaani kwako, usikubali kumiminiwa sado bila kuangalia ya chini. Chagua kiazi kigumu ukikibonyeza, kisiwe kimechipua na kisiwe na ukijani kwenye ganda, ule ukijani unaashiria sumu inayojikusanya kiazi kikikaa kwenye mwanga na kukipika hakuiondoi. Mi huwa namwambia tu, "mama shikamoo, leo naomba nichague mwenyewe hata ukinipunguzia kimoja", na hajawahi kukataa. Vidogo vidogo ndo vitamu kuchemsha na maganda yake, unaviosha vizuri, chumvi kidogo, vikiiva unakamulia ndimu na kumwagia kachumbari yenye pilipili. Siagi hapana, kijiko kikubwa kimoja ni kalori mia. Ila kama una kisukari, viazi vinapandisha sukari kwa haraka, hilo ongea na watu wa kliniki yako kwanza usifuate namba zangu.

Namba mbili makande. Najua wengine yanawakumbusha shule ya bweni na hawataki hata kuyasikia, lakini yapike mwenyewe nyumbani na kitunguu, nyanya, karoti na hoho ndo uyahukumu. Maharage yaliyoiva ni kama kalori 127 kwa gramu 100, yana protini na nyuzinyuzi nyingi, ndo maana yanakaa tumboni. Kwenye kununua swali la kumuuliza muuzaji ni kama maharage ni ya msimu huu, maana yaliyokaa sana yanakula gesi masaa matatu na bado yanagoma kuiva. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha mengi siku ya Jumapili, yagawe kwenye vibakuli na uweke friza, wiki nzima umemaliza. Kinachoharibu makande ni tui, tui zito la nazi mililita 100 tu zinapita kalori 200, na mama ntilie wengi wanaweka la kutosha kwa sababu wateja wanapenda. Muulize kabla hujapakuliwa. Choroko, kunde na dengu nazo zipo kundi hili hili, na choroko zinaiva haraka kwa wanaoogopa gesi.

Namba tatu yai la kuchemsha. Sio wanga, najua, lakini hii ni orodha ya vya kuuma saa kumi na yai lazima liwepo, ni kalori 75 hivi, vijana wanapita na trei mpaka mlangoni kwa duka, wanakumenyea, wanakuchania katikati na kukuwekea chumvi na kachumbari. Mayai mawili na chungwa moja ni kitafunwa changu cha siku nyingi kuliko kingine chochote, na sijawahi kulala njaa kwa ajili yake. Na chungwa silipuuzi hata kidogo, kwenye ule utafiti wa Sydney machungwa yalipata 202, zaidi ya mayai na zaidi ya ndizi, kwa sababu lina maji mengi na nyuzi, unalitafuna. Ukilikamua ukanywa juisi umetupa ile faida, na glasi moja inakula machungwa matatu. Yale ya Muheza yakiwa kwenye msimu hakuna sababu ya kununua biskuti.

Matunda mengine nayamaliza haraka, kwa gramu 100 tikiti ni kalori 30, papai 43, nanasi 50, embe 60, ndizi mbivu 89. Vile vibakuli vya matunda yaliyokatwa vinavyouzwa Posta mchana ni vizuri, angalia tu kama vimefunikwa na vimekatwa leo. Parachichi ni kama 160, ni zuri kwa mwili lakini nusu moja inatosha.

Namba nne mahindi ya kuchoma au kuchemsha. Haya yetu meupe yakikomaa wanga wake unakolea kuliko yale mahindi matamu (sweet corn) ya kuchemsha ambayo ni kama kalori 96 kwa gramu 100, kwahiyo mhindi mmoja wa wastani mi nauandikia 150 ili nisijidanganye. Uzuri wake ni kwamba unachukua muda kuutafuna, huwezi kuumaliza kwa dakika mbili, na jiko la mkaa halitii mafuta. Chagua ambao punje zake ukibonyeza na kucha bado zina maziwa.

Halafu bisi. Hapa kuwa makini, kuna bisi na bisi. Nunua mahindi ya bisi makavu upike nyumbani, gramu 30 za punje ni kama kalori 110 na zinajaza bakuli kubwa la kukaa nalo mpira wote, ukitumia kijiko kidogo cha mafuta bado upo salama. Zile za rangi zilizopakwa sukari ni kitu kingine kabisa, zile ni peremende.

Viazi vitamu, magimbi na mihogo watu wanaviweka fungu moja, "chakula cha asili hakinenepeshi", na hapa ndo mzani ulinisaidia kweli. Viazi vitamu vya kuchemsha ni kama kalori 80 mpaka 100 na ushee kwa gramu 100 kutegemea aina, vile vikavu vya unga ndo vizito zaidi. Magimbi yaliyoiva ni kama 140. Muhogo ni kama 150 mpaka 160, yaani karibu mara mbili ya kiazi mviringo kwa uzito ule ule! Sikukatazi kula muhogo, mi naupenda, lakini sahani ya muhogo sio sahani ya viazi. Na ile mihogo ya Coco Beach ya kukaanga na chachandu, nenda na watoto Jumapili mfurahi, ihesabu kama chakula cha usiku.

Ugali na wali nimeviweka katikati ya orodha kwa makusudi. Unga mkavu wa mahindi na mchele mkavu vyote ni kama kalori 360 kwa gramu 100, vinatofautiana kwa maji vinayobeba vikiiva, wali mweupe unatoka kama 130 kwa gramu 100. Kwahiyo pima kikiwa kikavu, kabla ya kuingia sufuriani, ukishapakua huwezi tena kujua. Gramu 100 za unga kwa mtu mmoja zinatosha sana kama pembeni kuna mchicha au matembele na maharage. Sembe na dona kalori zake zinakaribiana mno, mtu asikudanganye kwamba dona ina kalori nusu, ila dona ina pumba na kiini chake, nyuzi zaidi, shibe inakaa zaidi, mi nanunua dona. Nunua kidogo kidogo maana haikai muda mrefu kama sembe, ile mafuta ya kiini inachacha, na ikinuka au ikiwa na uchungu usiipike.

Hapo hapo niseme kuhusu sumukuvu. Mwaka 2016 kuna watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye hiyo sumu, inatoka kwenye ukungu, na kukaanga au kuchemsha haiimalizi. Kwahiyo karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au uchungu, tema, usimalizie eti kwa sababu umeshalipa.

Karanga zenyewe nimezishusha chini na najua nitapingwa. Ni chakula kizuri, korosho za Mtwara na Lindi nazo vile vile, shida ni kipimo. Karanga ni kama kalori 580 kwa gramu 100, korosho 550 na kitu, na kwenye utafiti ule karanga zilipata 84, chini ya mkate mweupe. Pale Buguruni jioni foleni ikisimama, muuzaji anakuja mpaka dirishani kwa daladala, unanunua kifuko, unakula moja moja huku unaangalia nje na kufika Tabata kifuko kimeisha na bado chakula cha usiku kinakusubiri. Kiganja kimoja, gramu 28 hivi, ni kalori 165. Nilichofanya ni kununua kilo, nikazigawa kwenye vikopo vidogo vya gramu 25, natoka na kimoja tu kwenye mkoba. Dirishani sinunui tena.

Mkate mweupe ni 265 kwa gramu 100, slesi moja kama 75, na tatizo hauna mwisho, unakula slesi nne hujasikia kitu. Ukitaka wa brauni soma karatasi, cha kwanza kwenye orodha ya viungo kiwe unga wa ngano nzima, maana mingine ni mkate mweupe uliotiwa rangi. Na kwenye pakiti yoyote, biskuti au krispi, angalia safu ya gramu 100, usiangalie ile ya "kwa kipande", biskuti nyingi zinakaa kati ya 450 na 500. Kama wameandika kilojuli, gawanya kwa 4.2 ndo upate kalori.

Chini kabisa kuna chapati, mandazi, vitumbua na chipsi mayai. Chapati ya gramu 100 ni kama kalori 300. Andazi la jirani yangu nililipima, gramu 60, nalihesabia 200, mawili na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari unakaribia 500 na saa nne bado utataka kitu. Chipsi mayai sahani ya kawaida, chipsi gramu 250 na mayai mawili, kwa hesabu yangu inagusa 1000. Sijaviacha vyote. Chapati nakula Jumamosi asubuhi, moja, na maharage, nyumbani anapika mke wangu na nimemwomba aipake mafuta kwa brashi badala ya kumimina kijiko, na kwa kweli tofauti ya ladha hatujaiona ila chupa ya mafuta ya lita tatu sasa hivi inakaa wiki mbili zaidi.