Nilivyohamisha kumbukumbu za kikoba chetu kutoka simu iliyopasuka kwenda simu mpya

Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama 31 hapa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa sita. Leja ya karatasi tunayo, inalala ndani ya sanduku la kufuli tatu. Lakini yeyote aliyewahi kushika ukatibu anajua kwamba leja peke yake haimalizi ubishi. Ushahidi uko kwenye simu: picha za miamala wanazotuma wanachama kwenye kundi la WhatsApp, meseji za M-Pesa, mihtasari ya vikao, katiba ya kikundi iliyoandikwa kwenye Word, na fomu za mkopo zilizopigwa picha zikiwa na sahihi za wadhamini. Kwa hiyo Oktoba simu ilipodondoka kwenye sakafu ya zege, kioo kikapasuka na tachi ya sehemu ya chini ikafa, zikiwa zimebaki wiki saba tu kufikia siku ya kugawana akiba zetu, usingizi uliniruka.

Naandika haya kwa ajili ya makatibu na waweka hazina wenzangu, maana nimeona wengi wanapoteza kumbukumbu zao dukani kwa dakika mbili. Mweka hazina wetu alipatwa mwaka jana. Alinunua simu mpya, ile ya zamani akaiacha dukani kama sehemu ya malipo. Kijana aliyekuwa anamhudumia akamwekea laini, akaiandikisha namba, na WhatsApp ilipouliza kama irudishe mazungumzo ya zamani akabonyeza kuruka ili wamalize haraka. Mama wa watu alifika nyumbani akafungua kundi, akakuta peupe. Miaka minne imeondoka.

Mimi nilipokwenda kununua yangu, fundi naye aliniambia, "Mama, weka laini tu, vitu vyote vitakuja vyenyewe." Nikamjibu, "Hapana mwanangu, nipe simu yangu na boksi lake, laini nitaihamisha mwenyewe nyumbani." Siku hiyo nilirudi na simu mbili kwenye mkoba, na laini ikiwa bado kwenye ile iliyopasuka.

Njia niliyotumia ni ile ya WhatsApp yenyewe ya kuhamisha mazungumzo kwa msimbo wa QR, iliyoletwa mwaka 2023. Kabla ya hapo tulizoea bekapu, yaani nakala ya akiba, ya Google Drive, nayo bado ipo na inafanya kazi. Shida ni mbili. Kwanza, tangu mwaka 2024 bekapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, ambazo barua pepe na picha zako nazo zinazigombania. Mazungumzo yangu pamoja na picha yalikuwa yamefika GB 11, na akaunti ilishajaa. Pili, ni lazima upakie kwa bando halafu upakue tena kwa bando. GB 11 kwenda na GB 11 kurudi, kwa bando tunazonunua sisi, ni hela ya hisa kabisa.

Kwa QR, simu mbili zinaongea zenyewe kwa waifai, moja kwa moja, bila data kupita kwenye mtandao. Bando nililotumia ni la kupakua programu na kuandikisha namba tu. Masharti yake ni kwamba simu zote mbili ziwe mkononi mwako na zinawaka, ziwe za aina moja, yaani Android kwa Android au iPhone kwa iPhone, namba iwe ileile, na waifai na eneo viwe vimewashwa kwenye zote mbili. Kutoka Android kwenda iPhone kuna utaratibu mwingine, huo sijaufanya.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwenye simu ya zamani niliingia mipangilio, sehemu ya mazungumzo, nikashuka mpaka penye kuhamisha, nikabonyeza kuanza. Kwenye simu mpya nikaweka WhatsApp, nikaingiza namba, tarakimu za uthibitisho zikaja kwenye simu ya zamani, nikaziandika kwenye mpya. Simu mpya ikaniuliza kama nataka kuleta mazungumzo kutoka simu ya zamani. Hapo ndipo pa kutulia. Ndipo yule kijana alipomrukisha mweka hazina wetu. Nikakubali, msimbo ukatokea kwenye simu mpya, nikauskani kwa kamera ya simu ya zamani.

Mtu atauliza nilibonyezaje wakati tachi ya chini imekufa. Niliwasha skrini ijizungushe, nikailaza simu. Ukiilaza, ule ukanda uliokufa unahamia pembeni, kushoto au kulia kutegemea umelalia upande gani, na kitufe kilichokuwa chini kinasogea mahali penye uhai. Nilikuwa naigeuza hivi na hivi kama mtu anayepepeta mchele. Kwenye kuandika ilinitesa, lakini kwa kubonyeza vitufe vichache ilitosha. Kama tachi imekufa yote, waya wa OTG, ule wa kuunganishia vifaa kwenye simu, na kipanya cha kompyuta vinasaidia kwenye simu nyingi, mradi kioo bado kinaonyesha.

Uhamishaji ulichukua dakika hamsini hivi. Nilizichomeka zote mbili kwenye chaji, nikaziweka mezani bega kwa bega, nikakataza mtoto yeyote asiziguse, na WhatsApp nikaiacha wazi muda wote. Asilimia zilipofika 73 zilisimama kama dakika sita nikaanza kusoma dua, kisha zikaendelea. Ilipomaliza nilifungua kundi la kikoba nikapandisha juu, nikapandisha, mpaka nikafika ujumbe wa kwanza kabisa wa mwaka tulioanza. Picha zilikuwepo, sauti zilikuwepo, hata zile jumbe nilizoziwekea nyota.

Sasa, WhatsApp haihamishi meseji za kawaida, na kwetu meseji za M-Pesa ndizo risiti. Ukiianzisha simu mpya kwa mara ya kwanza, Android inakuuliza kama unataka kunakili kutoka simu nyingine kwa waya au bila waya, na hapo meseji zinakuja pamoja na namba za watu. Dukani walishaianzisha yangu, hatua hiyo ikanipita. Nikatumia programu iitwayo SMS Backup & Restore. Inakusanya meseji zote ndani ya faili moja, unalituma kwenye simu mpya, unalirudisha. Wakati wa kurudisha inaomba iwe programu kuu ya meseji kwa muda. Usiogope, ruhusu, kisha ikimaliza rudisha ile uliyoizoea. Meseji zangu 6,300 na kitu zilirudi zikiwa na tarehe zake sahihi, na hilo la tarehe ndilo nililokuwa nalihofia zaidi.

Faili hilo pamoja na folda ya nyaraka nilivirusha kwa Quick Share, ile iliyokuwa inaitwa Nearby Share mpaka Januari 2024. Imeshakuja na simu nyingi za Android, haina matangazo, haihitaji bando. Unaweka simu inayopokea ionekane kwa kila mtu kwa dakika kumi, unachagua mafaili, unatuma. Nyaraka 214 zilipita nikiwa naosha vyombo.

Nije kwenye kutafuta, maana kuhamisha bila kuweza kutafuta ni sawa na kuhamisha gunia lililofungwa.

Wiki mbili kabla ya kugawana, mama mmoja mtu mzima kati yetu alinikuta sokoni. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba. Katibu mwanangu, marejesho yangu ya Machi nilitoa, mbona nasikia nadaiwa?" Kwenye leja kisanduku chake cha Machi kilikuwa kitupu. Nikamwambia, "Mama, njoo tukae hapa tutafute wote." Tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Nikaandika 150,000 kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya kundi. Hakuna. Nikaandika 150000, nikaandika 150k. Hakuna. Nikatumia kalenda iliyo hapohapo kwenye kutafuta, nikaruka moja kwa moja mpaka tarehe 1 Machi, nikaanza kushuka. Tarehe 3, saa mbili usiku, hii hapa: picha ya muamala, na chini yake ameandika "laki na nusu hiyo katibu". Picha ilikuwa na ukungu, lakini namba ya muamala ilisomeka herufi sita za mwanzo. Nikaingia kwenye meseji, nikaandika hizo herufi sita, ikaja meseji ya M-Pesa yenye jina lake na kiasi chake kamili. Yule mama alishika mkono wangu, hakusema kitu. Nikamwomba radhi. Jioni hiyohiyo nikajaza leja mbele ya mwenyekiti na mweka hazina, wote wakatia sahihi.

Fikiria kama ningekuwa nimehamisha WhatsApp nikaziacha meseji. Au meseji bila WhatsApp. Moja ingekuwa picha yenye ukungu, nyingine ingekuwa sindano kwenye nyasi.

Tangu siku hiyo nimewaomba wanachama wote waandike kiasi kwa namna moja tu, tarakimu zenye mkato na neno la kusudio: "150,000 marejesho", "20,000 hisa". Na mtu akituma sauti, naandika chini yake mstari mmoja wa alichosema, kwa sababu kutafuta kunasoma maandishi, hakusikilizi sauti. Kuna jambo jingine dogo linalosaidia: picha za WhatsApp zinajihifadhi kwa jina lenye tarehe, kwa mfano IMG-20240303-WA0012. Hiyo ni tarehe 3 Machi 2024. Ukilijua hilo, hata nje ya WhatsApp, kwenye Files ya Google, unaandika tarakimu za tarehe na picha za siku hiyo zinajipanga mbele yako.

Kwenye kuhariri nyaraka sina furaha sana. Katiba yetu ina jedwali la faini na riba. Kwanza niliifungulia kwenye programu moja ya bure iliyojaa matangazo. Ikavuruga jedwali, safu ya riba ikaruka ukurasa wa pili, na nilipoitoa kama PDF ikagonga jina lake katikati ya kila ukurasa. Katiba yenye tangazo katikati siwezi kuipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii. Nikaifuta, nikahamia Google Docs, jedwali likakaa vizuri. Word ya simu nayo inahariri bila kulipia kwenye skrini ndogo, na kwa majedwali magumu naiona ni bora zaidi. Ila kuhariri kurasa nyingi kwa kidole gumba kunachosha macho. Kwa marekebisho ya mistari mitatu minne, simu inatosha. Kwa kuandika katiba upya, nenda steshenari ukodi kompyuta.

Na kuna mtego. Ukifungua faili kutoka ndani ya WhatsApp ukalihariri, ulichobadilisha ni nakala. Lile lililoko kwenye kundi limebaki vilevile, na wanachama wataendelea kulisoma la zamani. Tulikuwa na katiba tatu zinazozunguka, zote jina moja. Sasa kila faili ninalotuma nalipa tarehe kwenye jina, na ujumbe wenye faili jipya naubandika juu ya kundi.

Kuhariri ujumbe wenyewe WhatsApp inaruhusu ndani ya dakika 15, na inaweka alama kwamba umehaririwa. Kwa hesabu mimi siitumii hata ndani ya hizo dakika. Nikikosea kiasi, naujibu ujumbe wangu wenye kosa na kuandika kilicho sahihi chini yake, ili vyote viwili vionekane. Hesabu ya watu haifutwi kimyakimya.

Baada ya kuhamia nimewasha bekapu iliyofungwa kwa nywila, bila video ili itoshe. Nywila hiyo ukiisahau hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe hawawezi. Kwa hiyo nimeiandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, na bahasha iko ndani ya sanduku. Kuifikia kunahitaji wenye funguo watatu wawepo.

Simu iliyopasuka bado ninayo. Imezimwa, haina laini, iko kabatini chini ya vitenge. Kuna kijana ameshaniuliza mara mbili kama naiuza kwa vipuri. Nimemwambia asubiri kikao cha Januari. Wanachama wote 31 wakishasaini kwamba hesabu zao ziko sawa, ndipo nitaifuta.