Scrabble kwa somo la Kiswahili: nunua, lakini iongezee K

Nafundisha Kiswahili Gredi ya Nane hapa Kisumu, upande wa Manyatta. Seti ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye alama, niliyoipata kwa shilingi 1,800 katika duka la vitabu Barabara ya Oginga Odinga sasa haikosi darasani kila Ijumaa. Naipenda sana. Ila mwenzangu anayetaka kununua ajue kwamba ikitoka kwenye boksi, Kiswahili kinaipiga chenga.

Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ndipo akapanga idadi na alama zake. Ndiyo maana kati ya vipande 100 kuna K moja tu. Mtoto hawezi kuandika "kuku" wala "kaka" mpaka apate kipande kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote. H ni mbili, nasi twaitaka kwa ch, sh, th, dh na gh. Q na X hazina kazi kabisa. Alama nazo hazina haki: Z ina 10, kwa hiyo anayeandika "mzee" anazoa 15, na aliyeumiza kichwa akapata "sitara" anaambulia 6.

Nilitoa Q na X, nikakata katoni ngumu na kuongeza K, W, H na A, kisha nikashusha Z na J hadi alama 3. Hapo ndipo mchezo ulipochangamka. Kwa ngeli hauna mfano: timu moja ikiweka "tu", wengine tayari wanawinda "mtu", "watu", "kitu", "vitu", "utu". Kwa mnyambuliko, usijisumbue. "Pika" ikishawekwa haiwezi kuwa "pikia" wala "pikwa", maana kiambishi huingia kabla ya a ya mwisho na kipande kilichowekwa hakisogezwi. Mada hiyo naifundisha kwa kadi.

Nimeongeza sheria moja ambayo siilegezi: anayeweka neno alitungie sentensi papo hapo, la sivyo alama zafutwa. Bila hiyo watoto wanajifunza tahajia tu. Msichana mmoja wa Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, aliweka "tanga", timu pinzani ikapiga kelele kwamba huo ni mji wa Tanzania na majina ya miji hayaruhusiwi. Akasimama, akawaeleza jinsi babake anavyolitweka tanga la mashua upepo ukivuma kutoka nchi kavu alfajiri. Kamusi ilifunguliwa, alama zikawa zake, na juma lililofuata neno hilo nilikuta limetumika katika insha kadhaa. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Vishikio vya herufi ni vinne, kwa hiyo darasa kubwa ligawe katika timu nne, na wanafunzi wapokezane kuweka neno, la sivyo wepesi watawameza wanyamavu. Ukienda kununua, mwombe muuzaji afungue mfuko mhesabu vipande pamoja kabla hujalipa.