Nyumba ya Garibaldi kisiwani Caprera: anzia ngomeni, malizia kaburini

Wengi wanaofika Caprera, kaskazini mwa kisiwa cha Sardinia, Italia, hukimbilia kwanza Nyumba Nyeupe ya Giuseppe Garibaldi, jenerali wa karne ya 19 aliyepigania kuiunganisha Italia, na hapo ndipo ziara inapoharibika. Ukiingia bila maandalizi utaona vitanda, magongo, viti vya magurudumu na mashati mekundu, kisha utatoka unajua tu jinsi mzee alivyougua na kufa. Jenerali huyu alikuwa mbunge, kwa kuingia na kutoka, kwa zaidi ya miaka 30, na upande huo vyumba havisemi mengi.

Kwa hiyo panda kwanza Ngome ya Arbuticci, upande wa kaskazini wa kisiwa, ambako jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa mwaka 2012. Pale maisha yamepangwa kwa mfuatano: kuzaliwa Nizza (Nice ya leo, Ufaransa) mwaka 1807, vita vya Amerika Kusini, kuilinda Roma mwaka 1849, msafara wa watu elfu moja na ushei kwenda Sisilia mwaka 1860. Kutoka ngomeni hadi kwenye nyumba ni mteremko usio na kivuli cha maana. Beba maji, hasa Julai na Agosti.

Kuhusu usafiri: uwanja wa ndege ulio karibu ni Olbia, kisha kama kilomita 40 hadi bandari ya Palau, kisha kivuko cha dakika 15 hadi 20 kwenda kisiwa cha La Maddalena. Caprera imeunganishwa na La Maddalena kwa tuta lenye daraja, hivyo hakuna kivuko cha pili. Agosti foleni ya magari Palau ni ndefu. Acha gari na uvuke kwa miguu, upande basi upande wa pili. Upepo wa maestrale, utokao kaskazini-magharibi, ukivuma sana, safari za vivuko huvurugika, kwa hiyo usipange ndege ya kurudi jioni hiyo hiyo. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, na wageni huingizwa kwa makundi kwa sababu vyumba ni vidogo. Thibitisha siku moja kabla.

Sasa nyumba yenyewe. Alinunua nusu ya kisiwa mwaka 1855 kwa urithi wa kaka yake, akajenga nyumba ya paa bapa kwa mtindo aliouona Amerika Kusini. Itazame kama mahali alipokuwa akirudi kila siasa ilipomshinda, nayo itaeleweka. Aprili 1860, akiwa mbunge wa Nizza, alipinga mji wake wa kuzaliwa kupewa Ufaransa, kisha akajiuzulu. Novemba mwaka huo huo, baada ya kumkabidhi mfalme Vittorio Emanuele II kusini ya Italia aliyoiteka na msafara ule, alirudi hapa na gunia la mbegu. Tarehe 18 Aprili 1861 alisimama bungeni Torino amevaa poncho (joho la Amerika Kusini) na shati jekundu, akamshambulia kwa maneno waziri mkuu Cavour kwa sababu serikali ilikuwa inalivunja jeshi lake la kujitolea. Ukifika mbele ya shati na poncho, kumbuka hotuba ile. Alikuwa amezivaa kusudi, kuwawakilisha wapiganaji waliotupwa. Maelezo mengi ni ya Kiitaliano, na mgeni asiyekijua hupita pale kama anayetazama nguo za maonyesho.

Mwaka 1867 serikali iliweka meli za kivita kukizunguka kisiwa ili asiende kuishambulia Roma, iliyokuwa bado chini ya Papa. Akachomoka usiku kwa mtumbwi mdogo. Simama uani utazame mlango wa bahari kuelekea La Maddalena, ndipo utaona umbali aliovuka mwanamume wa miaka 60 mwenye baridi yabisi. Msonobari ulio uani aliupanda mwaka huo, alipozaliwa bintiye Clelia.

Siasa zake za mwisho ndizo zinazostahili chumba kizima na hazina. Alipochaguliwa na Roma alikula kiapo bungeni Januari 1875, akaja na mpango wa kuuchepusha mto Tiber, unaopita Roma, usifurike tena kama 1870. Kisha akadai kila mwanamume apewe kura. Kwa pengo hilo napunguza nyota moja: nne kati ya tano.

Chumba cha kifo usikipite haraka. Kitanda kinatazama dirisha la upande wa Corsica. Saa ya ukutani imesimamishwa saa 12 na dakika 20 hivi jioni, na kalenda inaonyesha tarehe 2 Juni 1882. Ukitoka, kabla ya makaburi, tazama nyumba ya chuma ya kuunganishwa vipande, kinu cha upepo, na kaburi la Marsala, farasi wake jike aliyekufa 1876.

Kaburi lake ni bonge la itale lisilochongwa vizuri, lenye jina la ukoo tu. Aliagiza maiti yake ichomwe nje, mahali pa wazi, kwa kuni za kisiwa, akiwa na shati jekundu. Walio madarakani walikataa, wakamzika. Fika hapo mwishoni, jua likiwa limepungua na makundi yameondoka.