Mercedes E200 Kompressor kuukuu: mshahara ukikwama, nini kitasubiri?

E200 Kompressor ya umbo la W211, iliyoundwa kati ya 2002 na 2009, imeshuka bei Nairobi hadi inauzwa jirani na Toyota Fielder na Mazda Demio. Spea hazikushuka nayo. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, zilizoko sokoni zote zina nambari za Kenya tayari, na mashimo yetu zinayajua.

Kuisifia ni rahisi: viti havichoshi mgongo, mlango ukifungwa unanyamaza, na bodi haili kutu kama W210, umbo lililoitangulia. Swali la mtu wa mshahara ni jingine: pesa zikikwama, itakuwaje? Marekani serikali kuu ilifungwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, na wafanyakazi wake wengi wakakaa bila malipo. Hapa kwetu kifungu cha 222 cha Katiba kinaliruhusu Bunge kutoa sehemu ya fedha hata sheria ya matumizi ikichelewa, kwa hiyo hatufungi kwa mtindo huo. Lakini Septemba 2020, Seneti ilipovutania fomula ya mgao wa fedha za kaunti, magavana walitangaza kusimamisha huduma za kaunti. Basi ipime gari hii hivi: miezi miwili bila pesa, kipi kitavumilia na kipi kitagoma?

Breki hazivumilii. Zilizoundwa kabla ya katikati ya 2006 zina mfumo wa SBC: unapokanyaga pedali, kompyuta ndiyo inayoiamuru pampu ya umeme isukume mafuta ya breki. Kifaa hicho huhesabu kila unapokanyaga. Hesabu ikifika kikomo, au presha ikidhoofu, ujumbe mwekundu hutokea kwenye dashibodi. Mfumo ukikata kabisa unabaki na magurudumu ya mbele tu, pedali inazama mbali na inadai mguu wenye nguvu. Mteremko wa Museum Hill si mahali pa kuligundua hilo. Kifaa cha SBC cha mtumba huja na hesabu yake, na wapo mafundi wanaoifuta hesabu kwa kompyuta, jambo linalozima taa bila kuifanya pampu iliyochoka kuwa mpya.

Kuna hatari nyingine ambayo fundi wa kando ya barabara huenda asiijue. Pampu ya SBC hujiwasha yenyewe, hata mlango ukifunguliwa tu. Mtu akibadilisha breki pedi bila kuuzima mfumo kwa mashine ya Mercedes, pistoni zinaweza kumbana vidole. Fundi asiyejua SBC ni nini asishike magurudumu hayo.

Dawa ni kununua iliyoundwa baada ya mabadiliko ya 2006. Ina breki za kawaida, na nguvu zilipanda kutoka farasi 163 hadi 184. Kuzitofautisha, acha gari ilale, kisha fungua mlango wa dereva asubuhi ukiwa kimya. Ukisikia pampu ikinguruma chini ya boneti, hiyo ni SBC.

Cheni nayo haisubiri. Injini ya M271, lita 1.8, hurefusha cheni ya taimingi na kula meno ya gia za kemshafti, yaani shafti zinazofungua valvu. Dalili ni mlio wa kukwaruza sekunde mbili tatu injini baridi inapowashwa, kwa hiyo muuzaji anayekupokea na gari iliyokwisha kupashwa moto mwambie utarudi kesho alfajiri. Cheni ikiruka meno, valvu hukutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Cheni mpya yaweza kuunganishwa kwenye ya zamani na kuvutwa ndani bila kushusha injini, ila ukiiweka juu ya gia zilizolika, gia hizo zitaimaliza haraka. Badilisha zote pamoja.

Palepale mbele ya injini kuna sumaku mbili za kemshafti. Zikivuja, oili hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi zake utazame. Zikiwa na oili, ziba mapema. Oili ya injini ni lita 5.5 yenye idhini ya Mercedes 229.5, na kubadilisha mapema ndiyo bima nafuu ya cheni.

Gia boksi ya kasi tano, 722.6, ina subira kuliko vyote, ila msiamini kwamba oili yake ni ya maisha. Kila kilomita 60,000 badilisha oili, filta na gasketi. Haina kijiti cha kupimia: fundi huleta chake, na hupima oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Plagi ya waya 13 ubavuni huvuja pia; sili yake ni kitu kidogo, kompyuta inayoharibika si kidogo. Kwenye matoleo ya mwanzo, rejeta ikipasuka ndani huchanganya maji na oili ya gia. Gari ikitetemeka kama inapita juu ya matuta madogo, iache.

Bushi za mikono ya chini inayoshika magurudumu hugonga, zitengewe bajeti.

Petroli: kwenye foleni tegemea kilomita 8 kwa lita. Anayekwenda na kurudi kilomita 60 kwa siku, kwa bei ya Nairobi ya mwishoni mwa 2025, shilingi 184.52, anachoma takriban 1,384 kila siku, zaidi ya 30,000 kwa siku 22 za kazi. Bima kamili ya gari la umri huu ni vigumu kuipata. Ulizia kabla hujalipa. Na usimalize malipo kabla umiliki haujahamishwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa, huduma zilikwama, na ahadi ya mdomo hailindi pesa siku kama hiyo.

Ikibidi kuiegesha hadi mgao uje, betri iko kwenye buti. Chomoa waya wa hasi, na ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti uwe nje nawe, maana bila betri rimoti haifungui. Ukiunganisha tena, taa ya ESP, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, yaweza kuwaka: washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na taa itazimika.