Kayaki Mto Androscoggin: duka nyota 3, mto nyota 4

Wale wa Lewiston na Auburn huku Maine, Marekani, mnaoniuliza kila wikiendi kama kukodi kayaki pale mtoni ni hela halali, ndio ni halali, ila msiende Jumamosi asubuhi. Mimi na wife tulibuku saa nne, tumeingia majini saa tano na nusu, jaketi okozi nililopewa bado bichi na linanuka godoro la mtoto, na dada wa mapokezi hata pole hakusema.

Aliyewaokoa hao wa duka ni mzee wao anayeongoza msafara. Kazaliwa hapa hapa, anasema utotoni kiangazi kikifika walikuwa wanafunga madirisha kwa harufu ya mto, na rangi za nyumba zilikuwa zinababuka kwa ule mvuke. Mimi nimekulia jirani na Msimbazi kwa hiyo harufu ya mto sihadithiwi, lakini ya kubabua rangi, hapana aisee. Viwanda vya karatasi vya huko juu vilikuwa vinamwaga taka zao humu humu, na miji nayo inamwaga vyoo.

Sasa mzee akafika kwenye habari za Edmund Muskie, mwanasiasa aliyesukuma sheria za Marekani za hewa safi na maji safi. Nilishaliona jina pale chuo cha Bates nikajua ni tajiri fulani tu kachangia jengo, kumbe ni mtoto wa fundi cherehani kutoka Poland, kazaliwa 1914 Rumford, mji wa kiwanda cha karatasi kwenye mto huu huu, akasoma Bates, akawa gavana, halafu seneta kuanzia 1959 hadi 1980. Msimamo wake ulikuwa hivi: kwanza tuulize afya ya mtu inahitaji hewa ya namna gani, ndio kiwango kipangwe hapo, sio kumuuliza mwenye kiwanda anaweza nini, maana ukimuuliza yeye siku zote atakwambia haiwezekani. Sheria ya hewa ya 1970 ikadai magari mapya yapunguze moshi wa sumu kwa asilimia 90, makampuni yakapiga kelele, yakaongezewa muda, lakini magari ya 1975 yakaanza kutoka na kile kidude cha kusafisha moshi kwenye eksozi (catalytic converter) ambacho wezi wa hapa mtaani wanakipenda kuliko gari lenyewe.

Ya maji ndio tamu zaidi. Oktoba 1972 Nixon akaikataa sheria, eti gharama kubwa, Muskie akauliza kwani bila maji safi tutaishi na nini, usiku ule ule Seneti ikaupindua uamuzi wa Rais kwa kura 52 kwa 12, na kesho yake Baraza la Wawakilishi 247 kwa 23, sheria ikapita.

Nyota moja ya mto naikata kwa sababu sheria yenyewe iliahidi kufikia 1985 hakuna uchafu unaomwagwa mtoni, na hiyo 1985 imepita zamani, pia jimbo bado linaonya watu wapunguze kula samaki wa hapa. Mzee aliukubali huo ubishi. Lakini maji ni rangi ya chai ya rangi tu, harufu hakuna, na tai mmoja alipita juu yetu wife akasahau kupiga kasia tukagongana.

Bebeni dawa ya mbu, parking ipo. Niliwaandikia kuhusu lile jaketi wakajibu wanatupa saa moja bure. Tutaenda, ila na jaketi letu.